Gari Linalopiga Mluzi

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu kaniletea daftari hili kutoka duka la vipuri. Lina picha ya betri kwenye jalada, na kila siku imepewa nafasi yake. Kasema, "Mama, maneno yako yameshajaa nyumba nzima, mengine yaandike." Nikamwambia mimi niliishia darasa la sita. Kasema darasa la sita langu lina maneno kushinda chuo kizima. Basi nimekaa, mkasi nimeuweka pembeni, naandika.

Na wa kwanza kuandikwa ni yeye mwenyewe. Huyu ni kitindamimba wangu, na kazi yake ni kufunga muziki kwenye magari. Si kuchomeka redio tu, redio hata mimi ningejaribu. Yeye anafunga amplifaya kwenye buti. Amplifaya ni kisanduku cha chuma kinacholingana na kitabu kinene. Redio inanong'ona, chenyewe kinapaza, spika zinatii. Gereji nzima ni wanaume na yeye peke yake, na wateja wakifika wanamuulizia yeye. Wanamwita Bibi Besi. Hajaolewa, hajazaa, na tayari ni bibi. Sijui mimi mamake nitaitwa nani.

Mbao za kushikia amplifaya nazivalisha zulia mimi, nikishamaliza mapazia ya wateja wangu. Kwa hiyo ukifungua buti lolote lililopita mikononi mwa binti yangu, ule ukingo ulionyooka kama rula ni wangu. Wanaosema najisifu waseme. Nikingoja wanisifu wao, nitazeeka nangoja.

Mmoja tu hajawahi kuiona kazi yake, naye ni baba yake. Ni dereva wa teksi, gari ni lake mwenyewe, na alitaka binti awe muuguzi. Binti akaacha chuo katikati, akaenda kushika nyaya. Tangu hapo ni "shikamoo", "marahaba", basi. Binti akimsemesha kwa nyuma, mzee hageuzi hata shingo. Mimi nimeweka nadhiri: kabla mvua za mwaka huu hazijakatika, baba ataingia gereji ile kwa miguu yake, aone mwanawe anavyofanya kazi. Naandika hapa ili nisije nikajitetea baadaye.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Nilikuwa kwa mteja napima madirisha. Nimerudi nimekuta nguo zote zinachuruzika kwenye kamba, na baba watoto yuko sebuleni na gazeti lake, mlango wa uani uko wazi. "Hukusikia mvua?" Kasema, "Ilianza ghafla." Mwanaume na nguo za kuanua ni maji na mafuta.

Jumapili, 10 Machi

Leo binti kanifundisha kazi yake, maana nilimwambia siwezi kusifia nisichokijua.

"Waya wa umeme unatoka kwenye betri, unapita kushoto mpaka nyuma," kasema. "Waya wa sauti unapita kulia. Hawa ni wake wenza, Mama. Ukiwalaza chumba kimoja, hulali."

"Na huu mweusi mfupi?"

"Wa arthi. Unafungwa kwenye bodi la gari lenyewe. Unakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kiwe kitupu, ndipo unakaza bolti. Umeme ukikosa njia nzuri ya kurudi, unalia."

"Unaliaje?"

"Mluzi kwenye spika. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Fundi akimwachia mteja mluzi, bora akauze ndala."

Nimecheka mpaka uzi umenitoka kwenye sindano. Kisha nimeyarudia yote kwa jirani, nikachanganya kushoto na kulia, lakini wake wenza nimewakumbuka.

Ijumaa, 15 Machi

Jirani yangu wa mlango wa bluu ana mtoto anayevaa tai. Leo kaja kuchukua pazia, kasema mwanawe kapewa ofisi yenye dirisha. Nikamwambia wangu kamfungia muziki bosi wa ofisi ya namna hiyo. Akaniangalia. "Mgema akisifiwa, shoga," kasema, nusu ya pili akaniachia mimi.

Alipofika mlangoni akaongeza, "Na mwambie mumeo azime indiketa. Kaingia mtaani inawaka, kaegesha inawaka. Tangu juzi anakata kulia, sijui atafika lini."

"Dereva mzoefu huonya mapema," nikamjibu.

Lakini ni kweli, siku hizi anaisahau. Kiburi cha watu wa usukani, wanadhani barabara ni yao.

Jumanne, 19 Machi

Leo naandika kwa furaha. Tumekaa mezani watatu, mvua inanyesha taratibu, baba watoto kasema bila kuinua macho kwenye sahani:

"Redio ya gari imechoka. Siku hizi sauti haifiki."

Mimi nilikanyaga mguu wa binti chini ya meza asije akasema neno la kuharibu.

"Hivyo visanduku vyenu," kasema, "vinasaidia?"

"Vinasaidia, Baba."

"Basi funga. Lakini hapa hapa nyumbani. Sitaki kwenda kukaa gereji natazamwa kama bidhaa."

Nusu mkate ni mkate. Baadaye binti alitoka kwenda kulitazama gari, akarudi ameinamisha kichwa upande. "Mama, redio nimeijaribu. Haina ubaya wowote."

"Kwa hiyo kaisingizia redio apate njia ya kurudi kwako," nikamwambia. "Wanaume wa umri wake hawaombi radhi, wanaharibikiwa na redio."

Tumecheka sote wawili.

Jumamosi, 23 Machi

Kazi imeanza uani chini ya turubai. Nimewaita wanawake wawili wa mtaa waje kuniazima sindano, ili waone. Binti kapima, kachora kwa chaki. Amplifaya haiweki sakafuni, maana maji ya mvua hupenya na kutuama penye tairi la akiba. Haifungi juu ya sanduku la sabufa, ile spika kubwa ya besi, maana mtetemo utailegezea skrubu zote. Kaiweka imesimama kwenye ubao nyuma ya kiti, na kaacha nafasi ya kupitisha kidole. "Nayo inapumua, Mama."

Akakwangua pembeni pale pa kufungia arthi, chuma kikang'aa kama kijiko kipya. Mara fyuzi aliyokuja nayo ikawa ndogo, akaenda gereji kuchukua nyingine, na huku nyuma mvua ikaja ya mshazari. Turubai linavuja. Nikatazama kile chuma kitupu, nikaona kutu inakuja na miguu yote. Kazi ya mwanangu ishike kutu nikiwa nimesimama hapo?

Nina rangi ya kucha ile isiyo na rangi, ambayo huwa napaka nyuzi za vifungo zisifumuke. Nikapaka pale mara mbili, nikapuliza ikakauka. Chuma bado kinang'aa vile vile, huwezi kujua. Alisema kiwe kitupu, nacho ni kitupu, ila kimevaa kitu chepesi. Kisha nikatandika zulia, nikaacha tundu la bolti. Sijamwambia. Mama mwema hatangazi kila msaada.

Jumapili, 24 Machi

Amemaliza. Alipowasha, injini ikiwa imezimwa, besi ilinipiga kifuani mpaka nikashika ukuta. Safi, nzito, imetulia. Baba watoto kajifuta mikono, kakaa kwenye usukani. Mara mteja kampigia simu anataka kuwahi safari. Binti kasema, "Baba, subiri, sijajaribu injini ikiwaka." Mzee kawasha, kaondoka, hajageuka. Binti kabaki amesimama na bisibisi mkononi kama mtu aliyeachwa kituoni.

Jioni karudi. Akavua viatu, akapita mbele ya binti, akasimama.

"Safi," kasema. "Sijaona kasoro."

Binti kaingia chumbani. Nilimsikia anacheka peke yake. Huyu baba hana huruma na kasoro, kama ingekuwepo angeitaja kabla ya kuvua viatu. Kwa hiyo hakuna cha kujaribu tena.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemaliza mtaa mzima leo, nyumba kwa nyumba. Hata wasiouliza nimewajibu.

Alhamisi, 28 Machi

Baba watoto kanipeleka sokoni kwa gari. Kuna kasauti kembamba juu ya muziki, kanapanda na kushuka. Nadhani ndiyo amplifaya inavyopumua. Kitu cha thamani kina sauti yake.

Njiani tulimpakia jirani wa mlango wa bluu. Aliposhuka kajishika masikio. "Shoga, gari lenu lina mbu mkubwa kama kuku."

"Ni husuda hiyo inayokulilia masikioni," nikamwambia.

Mume wangu alikuwa mbele yetu, anatazama barabara. Hakusema neno la kumtetea mwanawe. Indiketa ilikuwa inawaka tu.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Birika limepiga filimbi jikoni mpaka maji yamekauka na kitako kimeungua, na mtu yuko chumba cha pili. Nguo nazo zimelowa tena. Nimemwambia kwa hasira, "Sikio la kufa halisikii dawa." Kaniangalia tu, kisha katoka kwenda kulifuta gari. Mume wangu nilikuwa namsifia kwa utulivu. Abiria wanamwita Bwana Kimya, na mimi nilifanya jina hilo kuwa fahari. Sasa naanza kuona ni dharau.

Jumatatu, 8 Aprili

Barabara ya gereji imejaa maji. Baba watoto kafungua mlango wa gari, kamwambia binti, "Panda." Sijawahi kuona hivyo. Nimesimama dirishani mpaka wamepotea.

Jioni binti karudi, hakula.

Jumanne, 9 Aprili

Hasemi. Nimemuuliza kama baba yake kamtukana. Kasema bora angemtukana.

Jumatano, 10 Aprili

Leo kaja nilipokuwa nashona, kavuta kigoda. "Mama, zima cherehani."

Nikazima.

"Gari la Baba lina mluzi."

Nikafikiri ndio hilo tu. Nikamwambia mbona nimeusikia, nikadhani inapumua. Hata hakucheka.

"Tulipoondoka tu, mluzi. Unapanda, unashuka, kama jino linatobolewa. Nikaona aibu, nikasema, Baba nisamehe, nitaurekebisha. Kimya. Nikajua ananikomoa. Kauvumilia siku zote hizi aone kama nitakiri mwenyewe. Nikakasirika, Mama, nikasema moyoni, huyu mzee ana moyo wa jiwe. Kisha tukasimama kwenye foleni. Akaongeza sauti kidogo, akatabasamu, akasema, safi kweli kitu hiki. Na mluzi ulikuwa mkubwa kuliko mwimbaji."

Mvua ilikuwa ndogo, ile inayotembea kwenye bati kwa vidole.

"Nikamuuliza tena huku nimegeukia dirishani. Kimya. Nikamgeukia, nikayasema yale yale ananitazama mdomo. Akajibu pale pale. Nikarudia hivyo mpaka tunafika. Nikiwa na uso kwake ananijibu. Nikiuondoa, sipo."

"Unataka kusema nini?"

"Baba hasikii. Sauti nzito anazisikia, besi anaisikia vizuri. Nyembamba zimemtoka. Mluzi, filimbi ya birika, sauti yangu mimi. Ile 'safi' aliyoniambia, Mama, hakuna fundi mwenye masikio angeisema."

Nikakaa na kitambaa cha watu mapajani, mambo yakawa yanarudi moja moja, kama wadai. Nguo. Birika. Indiketa, maana ile ina mlio mdogo wa kukumbusha, tik tik tik, na wewe husikii utakumbushwa na nini? Abiria wanaosema hajibu akiulizwa kutoka kiti cha nyuma. Redio isiyo na ubaya. Na lile nililomwambia juu ya sikio la kufa, akaenda kulifuta gari.

Binti kasema jambo moja zaidi kabla ya kuinuka. "Akijua tumejua, ataona tumemvua nguo. Na asipojua, siku moja itapigwa honi nyuma yake asiisikie. Nimwambieje?"

Nikamwambia sijui. Nadhani ni mara ya kwanza kunisikia nikisema neno hilo.

Alhamisi, 11 Aprili

Asubuhi alikuwa anafunga kamba za viatu, mgongo kwangu. Nikasimama nyuma yake, nikamwambia kwa sauti ya kawaida jambo ambalo sijamwambia tangu tukiwa vijana. Kaendelea kufunga kamba.

Nikazunguka mbele, nikamuuliza kama atakunywa chai. Kasema, "Nitakunywa, asante."

Jumamosi, 13 Aprili

Nitaandika yote, hata kama ukurasa hautoshi.

Binti alimkabili baba yake mezani, uso kwa uso, akasema polepole, "Baba, kazi yangu ina kasoro. Nikiwa hapa nyumbani siwezi kuirekebisha. Twende gereji."

"Mimi sijaona kasoro."

"Mimi nimeiona. Gari haliwezi kubaki hivyo na jina langu."

Mzee akamtazama muda mrefu. Anamheshimu mtu anayekiri kosa kabla hajakamatwa. Akachukua funguo. Mimi nikabeba kipande cha zulia nisichokihitaji, ili niwe na sababu ya kuwemo.

Gereji ni banda refu lenye sakafu ya saruji na harufu ya gundi. Nyaya zimening'inia ukutani kwa rangi, kama nyuzi zangu. Fundi Mkuu, mwenye gereji, mtu wa tumbo na miwani, alimpokea kwa mikono miwili. "Shikamoo Mzee. Tumekungoja sana. Huyu binti akikosea tunamtishia kumleta baba yake, na hatukujua kama yupo."

"Nipo," kasema baba watoto.

Binti akamketisha kwenye usukani, milango yote wazi. Akasema anataka kupanga sauti, na kila spika ina kazi yake. "Nitapiga mlio mmoja mmoja kutoka kwenye simu yangu, Baba. Ukiusikia, inua kidole. Wateja wote hufanya hivi." Sijui kama wateja wote hufanya hivyo. Hakuna aliyepinga.

Ukaja mlio mzito, wa chini, vioo vikatetemeka. Mzee akainua kidole. Ukaja wa juu yake, akainua. Wa tatu, akainua, na nikaona anafurahia, kama mwanafunzi anayeyajua majibu. Ukaja mwingine mwembamba. Kidole kikasita, kikainuka nusu. Kisha ukaja mmoja kama sindano. Fundi Mkuu akakunja uso. Vijana wawili wa kupaka magari rangi, waliokuwa mbali kule mlangoni, wakaziba masikio. Mimi meno yaliniuma. Mume wangu alikaa mkono umetulia pajani, anangoja uanze.

Akatutazama. Akamtazama Fundi Mkuu, akawatazama wale vijana na vidole vyao masikioni, mwisho akanitazama mimi. Nilijaribu kuweka uso wa mtu asiyesikia kitu, lakini uso wangu haujawahi kuficha chochote.

Fundi Mkuu ana akili. Akasema, "Vijana, twende tukanywe chai," akawatoa wote, mpaka na mteja mmoja aliyekuja kuchukua gari lake. Banda likabaki na sisi watatu.

Binti alikuwa amezima. Mzee akasema, "Endelea."

"Baba, basi."

"Nimesema endelea. Nataka nijue zimebaki ngapi."

Akaendelea. Mlio kwa mlio, mpaka mwisho, na kuanzia ule wa sindano hakuinua tena kidole. Binti alikuwa anapiga na machozi yanamtiririka.

"Ulijua lini?" baba yake akamuuliza.

"Nilianza kujua uliponisifia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo sifa yangu ilikuwa bure."

"Kulikuwa na mluzi, Baba. Hukuusikia."

"Mluzi sikuusikia," kasema. "Besi niliisikia. Niliisikia mgongoni, kwenye usukani, kila mahali. Tangu lini sijasikia kitu kizima namna ile. Sifa ile ilikuwa ya besi, na ya besi siirudishi."

Binti akakaa chini, hapo hapo sakafuni, akaegemea tairi. Mzee akatoka kwenye gari, akachuchumaa mbele yake. Magoti yake yanamuuma lakini alichuchumaa.

"Nikwambie ukweli. Mwanzo ilikuwa hasira, sikutaka kukujibu. Baadaye ukawa unasema na mimi sishiki unasema nini. Nikaona kukasirika ni rahisi kuliko kuuliza mara mbili."

Mimi nilikuwa nalikunja lile zulia, nalikunjua, nalikunja.

Baada ya muda binti alijifuta uso kwa mkono wa nguo, akasema kazi ni kazi, na mluzi lazima apatikane aliyeuleta. Akafungua buti, akainua zulia, akalegeza bolti ya arthi. Akakwaruza kwa ukucha. Kikatoka kiganda chembamba kama gamba la kitunguu, hakina rangi. Akakinusa.

"Mama."

Nikatazama dari.

"Mama, hii ni rangi ya kucha."

"Mvua ilikuwa inakuja," nikasema. "Nilikilinda kisishike kutu."

"Umeupaka umeme rangi ya kucha."

Wa kwanza kucheka alikuwa baba yake. Sijui alisoma midomo yetu au alituelewa tu. Alicheka ameshika mlango wa buti, akaikohoa ile miezi yote, na binti akafuata, na Fundi Mkuu akachungulia mlangoni na kikombe akidhani kuna ugomvi.

Basi na iandikwe hapa, maana hawatanisifu wao. Bila kichupa changu, mluzi usingekuwepo. Bila mluzi, tungeendelea kumwita Bwana Kimya mpaka siku ya ajali. Mimi ndiye niliyeugundua ugonjwa wa mume wangu, na sikutumia hata darasa la saba.

Jumapili, 14 Aprili

Nadhiri imetimia, kaingia gereji kwa miguu yake. Sikuiwaza hivi.

Leo asubuhi nilimwambia tena lile jambo, nikiwa mbele yake. Kasema, "Rudia." Nikarudia.

Ijumaa, 26 Aprili

Alikataa hospitali kwa visingizio vyote, mara gari lina safari, mara mvua. Binti kamwambia, "Baba, wewe ulinipa gari nikakagua. Na wewe kaguliwe." Kaenda. Daktari kasema milio myembamba ndiyo iliyopotea, haitarudi yenyewe, lakini kipo kifaa kidogo cha sikioni, na akikivaa usukani hataukosa. Mzee kauliza kikoje. Daktari kamwonyesha. "Hii ni amplifaya," kasema mume wangu. Daktari akakubali.

Kukingoja kifaa ni wiki mbili hivi, na gari halitoki uani. Binti hakumwachia funguo, na yeye hakuziomba.

Jumatano, 8 Mei

Kifaa kimefika. Siku nzima anashtuka. Kauliza gazeti limeanza lini kupiga kelele likifunuliwa. Kaniuliza kama siku zote nashona kwa sauti hiyo. Nikamwambia hiyo ni cherehani, mimi ni hii nyingine.

Binti naye kaifanyia indiketa jambo. Kachukua ule mlio wake, kaugeuza mzito, kaupitisha kwenye kispika kidogo chini ya kiti cha dereva, ili hata akisahau kifaa nyumbani ausikie mgongoni. Sasa akikata kona gari linasema dum, dum, dum. Jirani wa mlango wa bluu katoka nje kuangalia. "Mmefunga na ngoma?"

"Fundi wetu hafungi kitu kidogo," baba watoto kamjibu. Fundi wetu. Kasema mbele ya watu, na mimi sikumtuma.

Jumapili, 19 Mei

Mvua zinaaga. Siku kadhaa zimepita kavu, leo nikaona nifue kila kitu, mashuka, mapazia, mpaka vitambaa vya wateja. Nikaanika, nikaingia ndani kupumzisha mgongo. Binti yuko gereji, wamempa chumba chake cha kazi, na kibao cha mlangoni kimeandikwa Bibi Besi kwa herufi ambazo nimezipima mwenyewe zisipinde.

Nilikuwa nimesinzia. Nikasikia mlango wa uani unabamizwa na viatu vinakimbia. Nikainuka. Manyunyu yalikuwa yameanza, yale madogo ambayo hata vumbi hayalazi, mimi mwenyewe sikuyasikia.

Baba watoto akaingia amekumbatia kamba nzima ya nguo, uso hauonekani, vibanio vingine bado vimeshikilia. Karibu zote nilikuwa nimezitundika muda si mrefu, bado mbichi. Zilikuwa zinadondosha maji kifuani kwake, kwenye viatu, kwenye sakafu yote.

"Mvua," kaniambia. "Hukusikia?"

Nikazipokea. Manyunyu yalipopita nikazianika tena, moja moja, na sikusema neno.